Mlingoti wa goli uliomnyima usingizi fundi Muhidini

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga mabati ya Nyanga, Manispaa ya Bukoba, na Muhidini Uledi anawasha kompyuta zake nne: ya dirishani kwanza, ya mlangoni mwisho. Chai inapoa mezani. Anafungua gemu la mpira, anageuza kamera haraka kulia na kushoto, kisha anakodolea macho mlingoti wa goli.

"Umenyooka," anasema, na kuhamia mashine ya pili. "Na huu umenyooka."

Asiyemjua atadhani mzee huyu wa miaka sitini na mmoja amenogewa na gemu. Wala hachezi. Anahakikisha kwamba jambo lililomtesa wiki tano halijarudi.

Muhidini ni fundi wa televisheni tangu enzi za zile zenye mgongo mkubwa nyuma. Jina lake limejengwa na macho: huona ufa kwenye risasi ya kuchomelea, mwembamba kama unywele, ambao mafundi wengine wameupita mara tatu. Kazi zilipopungua alinunua kompyuta kuukuu akafungua chumba cha gemu mbele ya karakana. Siku njema chumba humwingizia shilingi elfu kumi na nane, lakini moyo wake uko kwenye meza ya ufundi.

Machi mwaka huu, akiwa amesimama nyuma ya wateja, aliona mlingoti wa goli ukikatika katikati. Kipande cha juu kilisogea pembeni, cha chini kikabaki. Akafuta miwani, akatazama mashine ya pili. Ukakatika. Ya tatu na ya nne, vilevile.

"Mashine nne haziwezi kuugua siku moja," anasema. "Nikajua mgonjwa ni mtazamaji."

Aliwauliza vijana kama wanaona. Wakamjibu, "Tuone nini, mzee?" Wao macho yao yalikuwa kwenye mpira.

Mwesiga, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hucheza hapo kila Jumamosi, alitaka kumtuliza. Alibonyeza kitufe cha kunasa picha ya kioo, na picha ikatoka nzima.

"Nikamwambia, tata waitu, mzee wetu, ushahidi huu hapa, mlingoti umenyooka," anasimulia Mwesiga. "Nilidhani namsaidia, kumbe nammaliza!"

Tangu siku hiyo Muhidini hakugusa chuma cha kuchomelea. Televisheni ya nyumbani aliiepuka kwa hofu. Projestus, mteja wake wa miaka mingi kutoka Muleba, alirudishiwa televisheni mbili pamoja na ushauri wa kutafuta fundi mwenye macho. Mzee akaanza kuulizia habari za shamba la migomba la ukoo huko Izimbya, yeye ambaye hajawahi kushika jembe kwa hiari.

Mkewe, Maulida, hakuambiwa ukweli. Aliambiwa mumewe anakwenda Muleba kutafuta vipuri. Kumbe alikwenda kupimwa macho. Daktari alimwambia hana mtoto wa jicho, macho ni mazima, labda abadilishe miwani ya kusomea.

"Mwingine angeshangilia," anasema Muhidini. "Mimi nikasema, basi tatizo ni kichwa. Niliogopa, sikufichi."

Wiki iliyofuata Maulida alimletea chakula cha mchana, ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage. Alisimama mlangoni akikung'uta mwavuli, akatupia jicho mashine iliyokuwa karibu naye.

"Mbona hiyo nguzo imekatika?" akauliza.

Muhidini akamwomba arudie.

"Hiyo nguzo ya goli. Imekatika kama mgomba uliopigwa na upepo. Au naona vibaya?"

Mzee aliketi kwenye benchi akalia mbele ya wateja wake, kisha akacheka huku machozi yakimtiririka. Maulida alipojua yote naye alilia, kwa hasira kidogo. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia, na chakula akampa kikiwa kimepoa.

Mchana huohuo fundi alirudia ufundi. Mwesiga alirekodi kioo kwa simu, na mkato ukaonekana wazi. Kwa kuwa mashine zote nne ziliugua pamoja, swali likabaki: nani amegusa mipangilio?

Audax, dereva wa bodaboda, akanyoosha mkono. Kwenye kona ya kioo kuna namba ya fremu, yaani picha ambazo kompyuta inatengeneza kwa sekunde. Mwezi Machi alikuwa amezima kipengele kiitwacho V-Sync, namba ikaruka kutoka sitini hadi mia na kumi, akatamba. Wenzake wakaiga kwenye mashine zote.

"Kioo hiki hubadilisha picha mara sitini kwa sekunde, kikichora kutoka juu kwenda chini," anaeleza Muhidini. "Kompyuta ikileta picha mpya kabla hakijamaliza, juu unapata ya zamani, chini mpya. V-Sync huiambia kompyuta: subiri mwenzako amalize." Picha ya Mwesiga ilitoka nzima kwa sababu ilinaswa ndani ya kompyuta, kabla ya kufika kwenye kioo.

Dawa, yaani kuiwasha V-Sync tena, nayo ilikuwa na uchungu wake. Audax analalamika kwamba sasa mchezaji anachelewa kidogo kutii kidole. Na mashine ya mlangoni, iliyokuwa ikitoa fremu hamsini, iliporomoka hadi thelathini.

"Ni kama meli ya Mwanza. Ukichelewa dakika mbili, hutasubiri dakika mbili tu, utasubiri safari nyingine," anasema fundi. Alipunguza vivuli na majani ya uwanjani, mashine ikapata nguvu ya kufika sitini, na picha ikatulia.

Sasa anadunduliza anunue taa ya mezani yenye kioo cha kukuzia, afanye kazi hadi miaka sabini. Tunapoagana simu inaita. Ni Projestus, anauliza kama macho yamepona.

"Hayakuwahi kuugua!" Muhidini anapaza sauti. "Zilete zote mbili, hata kesho."

Maulida, anayekusanya vyombo, anamgeukia mumewe.

"Siku nyingine ukiona nguzo imekatika," anamwambia, "niite tuitazame wawili."