Panya Kichwani, Magoti Chini

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja Bariadi, baba mkwe alikataa kuuza mapema. Alisema bei itapanda, akajaza pamba sebuleni hadi dirishani. Panya wakahamia humo bila hodi.

Mimi nilitaka sumu. Mama mkwe akasema panya wakifia ndani ya pamba, nani atainunua? Halafu, kwani wametukosea nini? Akapaka mafuta ndani ya ndoo, akatupia kipande cha ugali. Panya wakaingia, wakashindwa kutoka. Kazi ya kuwahamisha akanipa mimi, mkamwana.

Basi kila asubuhi nilifunika ndoo, nikajitwika, nikaenda kuwaachia kwenye ghala la ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa tupu. Njiani nilikutana na wazee, na mkamwana hasalimii wazee amesimama. Nilipiga magoti na ndoo yangu kichwani, nikaamkia "mwangaluka", nikajibu habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe, huku panya wakikwaruza juu ya utosi wangu.

Bei ikapanda kweli. Mnunuzi tuliyempelekea pamba alikuwa amekodi ghala lile lile, na alilalamika kwamba hajawahi kuona panya wengi namna ile. Mama mkwe akamhurumia kwa dhati, akamfundisha ile ndoo.

"Sasa nikawaachie wapi?" akauliza.

"Popote," akasema mama mkwe, "mradi pasiwe na pamba."

Yule bwana akatazama upande huu, akatazama ule. Bariadi nzima ilikuwa pamba. Mimi nikatazama magoti yangu.