Duka Lililonikatalia Samaki

Nakumbuka siku moja nilishuka kutoka Kibosho kwa miguu hadi Moshi mjini, natafuta samaki. Si wa kula, mwanangu. Wa kutazama, kama hao unaotaka kwenda kununua wewe. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Lakini hofu niliyoivuna siku ile haijaniisha. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nikasikia pampu ya hewa inabubujika kwenye tangi la kioo, nachungulia kwanza nyuma ya mawe.

Nilikuwa mke mpya, sijamaliza hata mwaka kwa watu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya mjini yameanza kujaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, samaki wa mapambo wakiwemo. Mama mkwe wangu, ambaye sikumkuta, aliwapenda akamsumbua mumewe mpaka tangi likanunuliwa. Kisha mama akafa. Samaki nao wakafa mmoja mmoja hadi akabaki mmoja tu, mwekundu, mrefu kama kiganja changu.

Baba mkwe wote tulimwita Meku, ndiyo kusema mzee kwa lugha yetu. Hakuwa mtu wa maneno. Wanawe wenye ndevu zao walishusha sauti akiingia. Lakini kila asubuhi kabla ya chai alivuta kigoda mbele ya lile tangi akamsimulia samaki habari za kahawa, za ng'ombe, za nani amefiwa. Mimi nafagia huku nasikia. Kwa siku mimi nilipata maneno matatu, samaki alipata kikapu kizima.

Basi Meku akasafiri kwenda Same kwa binti yake, akae juma moja. Mume wangu alikuwa kazini Arusha, kwa hiyo nyumba ilibaki mikononi mwangu. Mlangoni Meku akaniambia, "Mlishe kidogo asubuhi. Basi." Hiyo "basi" ndiyo sikuisikia.

Sasa ujue mimi ni binti wa dalali wa ng'ombe wa Sanya Juu. Shule niliishia darasa la nne, lakini mnadani nilisimama na baba tangu nikiwa na meno ya utoto. Namwona ng'ombe anakuja nasema huyu anakohoa, huyu ana mimba, huyu amenyweshwa maji mengi asubuhi aonekane ameshiba. Nikajiambia, samaki wa Meku ana upweke, nitamletea wenzake, mzee akirudi atanifurahia. Nani atanidanganya mimi kwa mnyama?

Duka la kwanza lilikuwa nyuma ya soko, la mama mmoja mnene aitwaye Mama Shose. Nikaingia. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina. Karibu." Maji yake yalikuwa maangavu hata ukadhani tangi ni tupu. Samaki wembamba wembamba, wanakimbia kila kivuli. Mimi sikuwapenda, niliona wamekonda. Pembeni kulikuwa na beseni limefunikwa kitambaa. Nikafunua, ndani wekundu wazuri.

"Nipe hawa."

"Hao hawauzwi."

"Kwani ni wa serikali?"

"Wameingia juzi. Sijui wamekuja na nini mwilini. Rudi baada ya wiki mbili."

"Mama, nimetoka Kibosho kwa miguu."

"Miguu itapona. Samaki akiugua ndani ya maji unamshika wapi umkande?" Kisha akaanza kunihoji kama padri anayeandikisha ndoa. Nyumbani una wangapi? Mmoja? Ana umri gani? Maji unatoa wapi? Una chombo cha kumweka mgeni peke yake kwanza? Nikaona ananidharau, ananiona wa mlimani sijui kitu. Nikabetua mdomo nikatoka.

Duka la pili lilikuwa kwenye barabara ya kwenda Shirimatunda. Kijana mchangamfu kama redio. "Shikamoo mama! Ingia, ingia, leo umeleta baraka!" Nilikuwa sijafika hata miaka ishirini na mitano na ananiamkia shikamoo, na mimi, mjinga, nikaipokea. Samaki wake wote walikuwa juu ya maji midomo wazi. Nikasema tazama walivyo wazoefu, wanakuja kumlaki mtu kama ndama. Mmoja alikuwa anajisugua kwenye mawe. "Anacheza huyo," akasema kijana. Huku anaongea, akachota kitu cheupe kwa chujio la chai akakitupa nje ya dirisha haraka, na kwa chujio lile lile akaingia tangi la jirani. Niliona, mwanangu. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Macho yangu yaliona mzoga na kichwa changu kikasema nyamaza.

"Nataka mwenye tumbo," nikamwambia. "Huyo aliyenona. Na mwenzake."

"Mama unajua kuchagua!"

Nilipanda Kibosho na mfuko wa maji kifuani kama nimebeba kichanga. Nikawamimina kwenye tangi la Meku.

Siku ya tatu yule mnene alikuwa anaelea ubavu. Magamba yamesimama mwili mzima kama ganda la nanasi. Haikuwa shibe, yalikuwa maji ya ugonjwa yamemjaa ndani. Nikamtoa nikamzika kwenye migomba, nikijipa moyo kwamba mmoja si kitu. Nikarudi kumtazama mwekundu wa Meku. Amekaa chini kwenye kona, mapezi ameyabana mwilini kama mtu anayesikia baridi. Na mgongoni, mae! vidoa vyeupe, kama mtu amemnyunyizia chumvi.

Ufagio ulinitoka mkononi. Kwa mawazo nikamwona Meku akivuta kigoda chake. Nilijiona narudishwa Sanya Juu na sanduku langu kichwani, baba ananiuliza umefanya nini, na mimi namjibu nimemuua samaki. Nani angenielewa? Lakini nyumbani kwetu wote walijua yule hakuwa samaki tu. Ndiye kiumbe wa mwisho ambaye mkono wa marehemu ulimlisha.

Nikashuka mjini nakimbia, matope mpaka magotini, moja kwa moja kwa Mama Shose.

"Umenunua wapi?" Nikamwambia. "Ukachagua yupi?" Nikamwambia. Akashika kiuno. "Mwenye tumbo! Binti, ulikwenda kununua samaki au mbuzi wa ndafu ya harusi?"

"Niuzie mwekundu mmoja wa urefu ule ule," nikamsihi, nikiisha kumsimulia habari za Meku, za marehemu na za maongezi ya asubuhi. "Meku anarudi Jumamosi. Hatajua."

Akaacha kunitania. "Mzee anaongea na samaki kila asubuhi, halafu wewe unadhani hamjui sura? Utamfanya azungumze na mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe? Siuzi samaki wa kudanganyia mzee aliyefiwa na mke." Akanipa chumvi ya mawe kwenye karatasi, akanieleza: mtoe kwenye tangi, mweke kwenye beseni safi karibu na jiko, tia chumvi hii kidogo, maji yawe yamelala ndani ya nyumba, usimmwagie ya mfereji yanayotoka baridi kwenye theluji ya mlima. Badilisha kidogo kidogo. "Huenda akapona, huenda asipone. Umechelewa."

Siku zile sikula. Mgeni wa pili alifia kule tangini, nikamzika kando ya mwenzake. Kila nikiinamia beseni nilihesabu mashavu ya mwekundu yanavyopiga, nikiogopa kupepesa jicho. Nilisali rozari kwa ajili ya samaki, Mungu anisamehe. Na Meku hakusubiri Jumamosi. Ijumaa nikiwa nakamua ng'ombe nikasikia kikohozi chake njiani.

Nilikwenda kwenye ua unaozunguka kihamba, shamba letu la migomba, nikang'oa jani la isale. Kwetu, mtu akikosa hushika jani hilo kwa mikono miwili akaenda kwa aliyemkosea, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Nikapiga magoti uani. "Meku, nimeleta ugonjwa kwenye tangi la mama."

Alitua mzigo wake wa safari, akalinyoshea jani mikono miwili. Akalipokea. Akaingia ndani, akavuta kigoda mpaka jikoni, akakaa mbele ya beseni. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Jumapili, tukitoka misa ya kwanza, tulimkuta mwekundu amekufa.

Mwanangu, jani la isale linafanya kazi kwa binadamu. Msamaha niliupata, na Meku hakunikumbusha kosa lile hata siku moja mpaka anaingia kaburini. Lakini samaki hajui isale. Nilisamehewa na bado alikuwa amekufa.

Jioni ile ndipo Meku aliponipa maneno mengi kuliko yote tangu niolewe. "Mama yenu alikwenda duka lile la nyuma ya soko mara tatu akirudi mikono mitupu. Nilimcheka sana. Mara ya nne akaja na huyu." Akafuta uso. "Sasa utakwenda wewe. Hata ukirudi mikono mitupu mara kumi, mimi sitacheka."

Nilikwenda, nimejitanda khanga mpaka usoni kama ninayekwenda kuiba. Mara ya kwanza nilirudi bila kitu, na ya pili. Nilikuwa nasimama tu natazama, mpaka Mama Shose akaniletea stuli. Na haya ndiyo niliyoyaona nikiwa nimekaa hapo, nayaandika kwa ajili yako.

Ukiingia duka la samaki, usianze na samaki unayemtaka. Tazama kwanza chini, nyuma ya mawe, kama kuna aliyekufa. Ukikuta mmoja, toka, hata kama muuzaji anakuita malkia. Wanaoshirikiana maji wanashirikiana kifo pia. Wanaotweta juu ya maji hawakusalimii, wanakosa pumzi. Anayejisugua kwenye jiwe hachezi, ana wadudu. Mapezi yawe wazi kama khanga iliyoanikwa, mwili uwe safi bila doa la unga, tumbo liwe la kawaida. Mwambie muuzaji awalishe mbele yako, na asiyekimbilia chakula mwache hapo hapo. Angalia pia chujio lake kama ni moja kwa matangi yote. Halafu muulize wameingia lini. Akikwambia "leo leo, wabichi", huyo anauza nyanya. Anayekuhoji mpaka ukaudhika, anayekukatalia, anayekurudisha nyumbani na mfuko mtupu, mrudie huyo. Na hata wa kwake, ukifika nyumbani mweke peke yake wiki mbili kabla hujamchanganya na wenyeji.

Na jicho lako likiona kibaya, usikiache kichwa kiliambie nyamaza. Hilo ndilo kosa langu lote. Mengine ni maelezo tu.

Nenda mwanangu. Mungu aliyekupa macho akupe na ujasiri wa kuyaamini. Akukutanishe na watu wanaokuambia hapana kwa wema, na kila kiumbe utakayemwingiza mlangoni mwako akute uzima na aache uzima. Amina.