Cheti cha Kanga

Bi Maua binti Saidi hakuwa mtu wa kugombana na serikali. Aligombana na wauza mkaa na mashemeji zake, lakini serikali aliiheshimu, kwa kuwa ilikaa mbali. Balaa lilianza siku serikali ilipoingia uani kwake, Gongoni, mjini Tabora, kuhesabu kuku.

Aliyeingia ni Wenceslaus, Bwana Afya wa mji, kijana wa misheni mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikawa ngumu kama ubao. Akasema kuanzia mwezi ujao hakuna kuku, bata wala ndege yeyote wa kufugwa ndani ya mji bila cheti cha ruhusa. Na cheti hakitoki mpaka mwenye kuku awe na banda la wavu, sakafu ya saruji, futi thelathini kutoka jikoni. Uani kwa Bi Maua, kutoka jikoni mpaka ukutani, zilikuwa futi kumi na nane. Wenceslaus alizipima mwenyewe, mara mbili. Kwa hesabu hiyo banda lingesimama chumbani kwa jirani yake, Shomari, juu ya kitanda. Shomari alipoulizwa hakupendezwa.

Usinicheke ukasema kuku ni kuku tu. Binti yake Bi Maua, Swaumu, alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza ni wa nyumbani kwao mwanamke. Mama mkwe wake, Bi Tatu wa Tura, alikuwa ameng'ang'ania azalie kule, maana kule kuku wamejaa mpaka uvunguni. Bi Maua akaushinda ubishi kwa kiapo, mbele ya watu: mwanawe atakunywa supu ya ndege wa uani kwa mamaye siku zote arobaini, na siku atakayoikosa, Bi Tatu na aje amchukue mzazi na kichanga chake. Mdomo huo! Nani alimtuma?

Angenunua sokoni, utasema. Thubutu. Kuku wa sokoni humjui kwao wala alichokula, na Bi Tatu angepata habari kabla bakuli halijapoa. Tura na Tabora ni treni moja tu, na umbea haukati tiketi.

Dawa ilitoka Kigwa, kwa mkulima mmoja aitwaye Luhende, aliyekuwa akimletea asali. Luhende alifuga kanga, wale ndege wa madoadoa, na alikuwa tayari kubadilishana. Bi Maua akamuuliza kama kanga ni kuku. Luhende, mtu wa maneno machache, akasema hapana, kanga ni kanga.

Hapo Bi Maua akaacha hata kupepeta mchele. Ndani ya sanduku lake alikuwa na cheti cha boma, chenye muhuri, cha biashara yake ya kanga za kuvaa alizouza barazani. Bi Maua alisoma chuo cha Kurani, na hati za Kiarabu huzisoma bila kuweka kidole, ila herufi za Kizungu hakuijua hata moja. Alikumbuka tu alivyosomewa siku aliyokipokea: Maua binti Saidi ameruhusiwa, nyumbani kwake, kuweka na kuuza kanga. Basi kuku wakapanda treni kwenda Kigwa, wakashuka kanga ishirini, kila mmoja wa supu ya siku mbili.

Jamani, kanga hana adabu! Kuku jua likizama hurudi bandani mwenyewe; kanga wale walipanda paa la Shomari, na kila apitaye njiani na kofia walimpigia kelele mpaka apotee. Swaumu akajifungua salama, mtoto wa kike, na supu ikaanza. Siku ya sita akapita njiani Wenceslaus, na kofia yake.

"Shikamoo, Mama Swaumu," akasema, macho yakiwa juu ya paa.

"Marahaba, mwanangu. Kuku hamna humu. Wale ni kanga, na kanga nina cheti."

Akakileta. Wenceslaus akakisoma, na masikio yakamshuka, maana mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa siku alipokuwa karani wa boma. Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Mapadri walimfunza sarufi kwa bakora, kwa hiyo alijua vizuri alichokuwa akikitafuta. Kama angaliandika "kanga zake", hizo ni nguo, na ndege wangaliondoka siku ile ile. Kama angaliandika "kanga wake", basi ni ndege. Yeye aliandika kanga, akaweka nukta. Sheria ni msumeno, na leo ulikuwa unamkata seremala.

Akamweleza Bi Maua yote hayo kwa uaminifu, bila kuficha. Katika maelezo yote Bi Maua alishika mambo mawili: kwamba kuna kijineno kimekosekana, na kwamba mtu huyu anachomoa kalamu mfukoni. Yeye ambaye hakuwahi kumbembeleza hata marehemu mumewe akamshika Wenceslaus mkono, akamwambia habari ya kiapo, na ya Bi Tatu, na treni ya kesho atakayopanda supu ikikosekana.

"Mwanangu, nitanyang'anywa mjukuu," akasema.

Mle ndani kichanga kikalia. Wenceslaus akasikiliza mpaka kikanyamaza.

"Mke wangu alijifungua mwezi wa nne," akasema. "Sheria hii niliianzia kwangu. Kuku wote nikawatoa. Amekunywa uji wa muhogo siku arobaini, na mama mkwe wangu hajaniitikia shikamoo mpaka leo."

Bi Maua hakujua acheke au ampe pole. Akampa pole.

Wenceslaus akakilaza cheti juu ya kinu kilichofudikizwa, akaandika neno moja fupi, akalipuliza wino ukakauka. Bi Maua akalitazama lile neno, lakini halikumwambia kitu. Akauliza, kwa sauti ndogo, limeandikwa nini.

"Wake," akasema Wenceslaus. "Nimeandika kwamba wana uhai."