Mama Alivyomsemea Bi Kofia

Jioni za Jumamosi nyumbani kwetu Kilburn, ughaibuni, zilikuwa na harufu mbili: udi wa mama, na vumbi lililopata moto ndani ya mashine ya video. Tulikuwa na kanda moja tu, filamu ya zamani ya Hollywood isiyo na rangi, ya mwigizaji tuliyemwita Bi Kofia kwa wingi wa kofia zake. Mama hakujua Kiingereza. Alikuwa akizima sauti na kumsemea kwa Kiswahili cha Unguja, akimgombeza mpenzi wake: "We baba we, mikono mitupu tena?" Tulicheka mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Mwishoni Bi Kofia hupanda treni akilia, na kitinda mimba wetu, Rukia, alikuwa akilia naye, ndipo mama akampa Bi Kofia maneno: "Nakwenda kununua samaki, narudi."

Baba alikuwa ameshafariki. Mama alipomfuata, mimi kifungua mimba niliacha shule nikasafishe maofisi, na Rukia akaacha kusema. Shangazi akaja kutoka Harrow na begi tupu la kumchukulia nguo. "Mwanangu, we mwenyewe mtoto. Kwangu huyu atachangamka." Nilimwomba amalize chai yake kwanza, nikaweka kanda, nikamsemea Bi Kofia kwa sauti ya mama, vibaya. Treni ilipofika, la samaki likanishinda. Nikasema, "Kwaherini, wanangu."

"Siyo!" Rukia akaruka. "Anakwenda kununua samaki! Anarudi!"

Shangazi akaweka kikombe chini. "Kumbe maneno yake yako hapa." Begi lilirudi Harrow tupu; Jumamosi iliyofuata likaja limejaa nguo za shangazi mwenyewe. Wahenga husema asiyekuwepo na lake halipo. La mama lilikuwepo.

Siku hizi nimesoma habari za Bi Kofia. Alianza kwa kubeba sinia nyuma ya waigizaji wakubwa, bila neno hata moja. Baadaye jina lake likawashwa kwa taa milangoni mwa sinema. Uso ulipoanza kupata mikunjo wakampa sehemu za mama, wenzake walizozikataa. Yeye alizishika, na ndizo alizodumu nazo. Namwelewa.

Filamu ile sasa inakaa ndani ya simu, haina harufu. Tunajua mimi na Rukia kwamba mwanamke yule harudi, lakini bado Rukia huzima sauti. Mwanawe hunijibu mimi, mama yake mkubwa, kwa Kiingereza kitupu, ila treni ikitokea tu, husimama juu ya kochi, hamngoji mtu: "Samaki!"