Taulo ya Kinyozi

Kinyozi wetu hapa Munyaka ana mikono baridi na sauti ya chini. Kabla ya kukugusa, hupuliza mashine mara tatu, kisha anaweka katuni ileile ya zamani, isiyo na rangi. Humo Kifo, mifupa mitupu na kofia, anakuja kumchukua mama mzee. Mama anampa mwiko akoroge supu, na Kifo anakoroga mpaka anasinzia kando ya moto. Mfiwa akija kunyolewa, kinyozi hufunika televisheni kwa taulo bila kuambiwa.

Kwetu mfiwa hunyolewa siku ya tatu baada ya mazishi. Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Mama Khisa, mke wangu, alizoea kunisindikiza huko, akae kwa benchi, acheke Kifo akisinzia. Kinyozi alishika taulo.

“Pole, Mzee. Nifunike?”

“Wacha. Yeye angekubali ufunike?”

“Mama? Angenichapa nayo.”

Akaanza kunyoa. Nywele nyeupe zilishuka polepole kama ukungu, na chumba kikawa kama kiko mbali. Kifo alipoanza kusinzia, kinyozi alizima mashine, akaiinua mbali na kichwa changu. Ndivyo alivyofanya siku zote, maana Mama Khisa akicheka, mimi nami nilikuwa natikisika, na mashine ingenikata. Tukangoja, yeye na mimi, benchi likiwa tupu, mpaka pale ambapo kicheko cha mke wangu kilikuwa kikiisha. Ndipo akawasha tena.