Ugali Bila Mboga

Nasimiyu aliacha kutembea wakati mahindi yalipokuwa yakikauka shambani. Dada yangu Nekesa aliamka akamkuta bintiye wa miaka saba amejikunja kitandani, magoti yamevimba, akilia kila alipoguswa. Hospitali ya Kitale walisema huenda ni polio. Tukaamua kumpeleka Bungoma kwa daktari wa watoto, nami nikaenda kusaidia kumbeba.

Alfajiri, Kitale. Jirani aliyesafirisha mahindi alitupa nafasi mbele ya lori lake. Njia nzima Nasimiyu alipapasa mshono wa kiti kwa kidole, kimya. Hajawahi kusema neno. Leo hali yake inaitwa usonji. Miaka ile ya tisini mwanzoni tulisema tu, mtoto ana mambo yake.

Kamukuywa. Dereva alinunua mapera, akamnyooshea moja. Nasimiyu aligeuza uso kama aliyepigwa na moshi.

"Hataki chochote kisicho cheupe," Nekesa alisema, akammegea ugali wa jana. Mtoto alitafuna upande mmoja. Tonge lilibaki na alama ya damu.

Bungoma, jioni. Senge, shangazi yetu, alitupikia ugali wa wimbi na kuku. Nasimiyu alipiga mayowe mpaka sahani ikaondolewa.

"Ati anakataa chakula ya senge? Mumezaa muzungu, bana." Kisha akayaona magoti. Akaenda kwa jirani kuomba unga mweupe. Aliporudi alinigeukia: "Na wewe, bado unaandika hadithi? Si uandike moja mutoto apone."

Nikapokea unga, nikabandika sufuria.

Asubuhi, hospitalini. Daktari, mama wa makamo, aliuliza, "Anakula?"

"Anakula vizuri sana, daktari."

Nekesa hakudanganya. Kwetu kula ni ugali. Mengine yote ni ya kuuteremsha. Kitale nako aliulizwa hivyo, akajibu hivyo, wakaridhika.

"Na mboga gani?"

"Mboga hagusi."

"Matunda? Maziwa?"

"Maziwa aliyaacha msimu wa kupanda. Tangu hapo ni ugali tu."

Daktari aliinua mdomo wa mtoto. Ufizi ulikuwa umefura, rangi ya zambarau. "Hii si polio, mama. Mwili umekosa vitamini C. Atatembea. Lakini ukimrudisha kwa ugali mtupu, utampoteza."

"Kwani nilimnyima?"

"Hukumnyima. Yeye ndiye hawezi."

Vidonge vilikuwa vya rangi ya machungwa; alivitema. Muuguzi akatafuta vyeupe. "Usivipike, moto unaviharibu. Saga, ukandie kwenye ugali uliopoa."

Kwa Senge, tonge la kwanza lilikuwa chachu, akalitema pia. Nekesa akapunguza unga wa dawa hadi ukawa kama vumbi la kidoleni. Nasimiyu alitafuna, akasita, akamtazama mamake. Akameza. Senge alitoka nje kufuta macho.

Kurudi. Tulikaa mpaka uvimbe ukapungua. Safari hiyo ilinifunza kwamba mtoto anaweza kufa njaa mbele ya sahani iliyojaa, akiwa na mama asiyekosa kupika hata siku moja. Lori liliposimama Kitale, Nekesa alinyoosha mikono ambebe. Nasimiyu aliisukuma kando, akashika mlango, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili.