Magunia ya Safu ya Chini

Mtunza ghala wa chama cha wakulima wa kahawa aliitwa Bibi Kufuli, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeingia ghalani na kitunguu, sabuni wala sigara. Kahawa hunyonya harufu, alizoea kusema, kuliko jirani anavyonyonya umbeya. Mwaka juzi alimrudisha mwenyekiti mlangoni kwa sababu ya manukato, na mwenyekiti akaenda kuoga.

Leo Bibi Kufuli huyohuyo alisimama kando ya mizani, akimtazama mkaguzi akichoma magunia kwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha unaotoa punje bila kufungua gunia.

Wiki iliyopita siafu waliingia ghalani. Bibi Kufuli haogopi mwizi wala mwenyekiti, ila siafu anawaogopa vibaya. Alichukua mafuta ya taa akayamwaga ukutani huku anarukaruka, na mafuta yakayarukia magunia ya safu ya chini, pale pembeni. Alifuta, akanyunyiza majivu, akafungua madirisha, kisha akanyamaza. Hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Ubaya ni kwamba magunia yale yalikuwa ya kaka yake. Ndiye aliyetangulia kuleta, kwa hiyo yakawekwa chini. Kahawa hiyo ndiyo iliyomtunza mama yao, na mwaka huu haikuwa nyingi. Mvua zilichelewa, maua yakapukutika, nchi nzima ikavuna nusu. Bei ng'ambo ilikuwa imepanda, lakini wanunuzi nao wamekuwa wachaguzi. Msimu uliopita walirudisha shehena nzima kwa sababu ya harufu, wakaapa kwamba ikitokea tena watanunua kwingine. Chama kizima kilikuwa na magunia mia tatu tu, ya kujaza kontena moja.

Mkaguzi alichoma yale aliyoyafikia. Alinusa kiganja, akanusa tena.

"Mwaka mbaya, lakini kahawa safi," alisema, akatoa kalamu.

Bibi Kufuli aliiona ile kalamu. Akinyamaza, kontena litafungwa, likae baharini mwezi mzima kwenye joto, na samaki mmoja akioza wote wameoza. Akisema, kazi hana, na kaka hana mavuno. Mlangoni kaka yake alikuwa amesimama, kofia mkononi, anatabasamu kwa kusikia neno safi.

Mficha uchi hazai, alijiambia.

"Bwana mkaguzi, hujachoma ya chini."

"Ya chini siyafikii, mama. Kwani yana nini?"

"Yana mafuta ya taa. Nilimwaga mimi."

Wapagazi waliokuwa wakitaniana waligeuka kumtazama. Bibi Kufuli hakuthubutu kutazama mlangoni.

Waliyashusha ya juu, moja baada ya jingine, mpaka pembe ile ikafunuliwa. Mkaguzi alichoma, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Alichoma na ya jirani, akahesabu.

"Haya kumi na matano hayaendi. Mengine yanaenda." Aliandika bila haraka. "Na wewe nitakuandika."

"Niandike, bwana."

Kaka yake aliingia. Aliisoma namba yake iliyopakwa rangi kwenye gunia, akainama, akaunusa mwaka wake mzima.

"Yote ni yangu," alisema.

"Nisamehe, kaka."

Kaka alishika masikio ya gunia la kwanza. "Shika huko."

Walilibeba wawili, kaka mbele, dada nyuma. Bibi Kufuli alijikwaa mara mbili. Alitamani kaka yake apige kelele, atukane, afanye chochote, kuliko mgongo ule uliokwenda mbele yake bila neno. Uani waliliweka juani, na kaka akanyoosha kiuno.

"Kila asubuhi mama ananiuliza kama kahawa imeshasafiri," alisema. "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, leo, tukishamaliza kuyatoa haya."

Mkaguzi, ile kalamu, hata kazi yenyewe, vyote vilimtoka kichwani. Bibi Kufuli alirudi ghalani, akayatazama magunia kumi na manne yaliyobaki, akatamani yangekuwa mia, kubeba kusiishe leo.